Jukwaa la Kapkatet, Faili la Mahakama

Tarehe 21 Septemba 1991 vigogo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, walipanda jukwaani Kapkatet, Bureti, katika Wilaya ya Kericho, ambayo wakati huo bado ilikuwa na Bomet ndani yake. FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, ilikuwa na umri wa mwezi mmoja na ushei. Tarehe 8 mwezi huohuo mkutano wa namna hiyo ulikuwa umefanyika Kapsabet, na ukapitisha kwamba watetezi wa vyama vingi wasikanyage Bonde la Ufa. Kapkatet ililipokea azimio hilo na kulinoa. Tarehe 29 Oktoba vita vya kikabila vikazuka kwenye shamba la Miteitei, Tinderet, na mwaka uliofuata moto ukafika Sondu na Kipkelion, pembezoni mwa mashamba ya chai.

Nataka kuyasoma maneno ya Kapkatet kwa jicho la mhakiki, umbo kwanza. Naamini namna yalivyoundwa ni mojawapo ya sababu zilizofanya asiwepo mwanasiasa hata mmoja aliyehukumiwa kwayo.

Anza na azimio lenyewe. Mkutano unapoazimia, hakuna aliyesema. Kila aliyekuwapo amepata fungu lake katika kauli, na kila mmoja amebaki na nafasi ya kusema kwamba si yeye. Hati ya mashtaka inahitaji mtu, tarehe, mahali na maneno aliyoyatamka. Azimio linatoa tarehe na mahali, halafu linamficha mtu katikati ya umati. Huu ni ufundi, na waliokuwa jukwaani walikuwa wazoefu wa siasa na wa sheria.

Kauli ya pili ni ya aina nyingine kabisa. Shirika la Africa Watch, katika ripoti yake ya 1993 kuhusu vita hivyo, linainasibisha na waziri wa wakati huo, Timothy Mibei. Kiini chake ni kwamba wananchi wawaponde wakosoaji wa serikali, kisha waende kwa wenye mamlaka kuarifu kwamba wamekwisha kuwamaliza. Wasomaji wengi hukwama kwenye kitenzi cha kwanza kwa sababu kina damu. Mimi nakwama kwenye sehemu ya pili. Katika mpangilio wa kawaida wa sheria, raia huripoti kwanza na dola hutenda baadaye. Hapa mpangilio umepinduliwa: raia anatenda, na dola inakaa ofisini ikisubiri habari ya kazi iliyokwisha. Sehemu hiyo inayosikika kama utaratibu tu wa kiofisi ndiyo inayompa msikilizaji hakikisho kwamba hatakamatwa. Kama ningekuwa mwendesha mashtaka ningeijenga kesi yangu yote juu yake.

Kauli ya tatu ni majigambo. Nicholas Biwott aliripotiwa kusema kwamba Wakalenjini si waoga na kwamba hawaogopi kupambana na wanaotaka kuwaondoa katika uongozi. Kisarufi hakuna amri hapo, wala mtu aliyetumwa kufanya lolote. Ni maelezo ya tabia ya watu, na mtu hawezi kushtakiwa kwa kuwasifu jamaa zake. Lakini sifa ya ushujaa inapotolewa mbele ya vijana, katika mkutano uliokwisha kumtaja adui, huwa ni deni. Anayesifiwa atalazimika kuonyesha kwamba sifa ni ya kweli. Amri imehamia kwa msikilizaji, anajiamuru mwenyewe, na msemaji anashuka jukwaani akiwa safi.

Azimio, agizo na majigambo vilisikika pamoja, mchana mmoja, na umati ule ule. Nguvu yake ilikuwa katika kufuatana. Lakini sisi tunavijua kupitia magazeti ya siku zile, kisha kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, kisha tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa 1998, ikakabidhi ripoti 1999, na ripoti hiyo ikafichwa mpaka 2002. Kwenye kila kituo hotuba imepungua. Mwandishi wa habari alichukua sentensi yenye kishindo, akaigeuza kuwa Kiingereza, akaacha vicheko, makofi na vile vifungu ambavyo msemaji wa huku kwetu huvitamka kwa Kipsigis baada ya kumaliza Kiswahili cha wageni. Tume ikachukua sentensi ya gazeti. Kilichobaki ni usemi wa taarifa: inadaiwa alisema, aliripotiwa kusema. Wakili yeyote wa utetezi anajua la kufanya na sentensi kama hiyo.

Asiniambie mtu kwamba dola haikuwa na masikio. Julai 26, 1952, Jomo Kenyatta alipohutubia mkutano wa KAU Nyeri, polisi walikuwapo wakiandika, na hotuba hiyo ikatumika dhidi yake katika kesi ya Kapenguria. Upande wa utetezi ukajibu kwa hotuba ya Kiambu ya Agosti mwaka huohuo, ambako aliilaani Mau Mau hadharani. Hakimu Ransley Thacker akaamua usomaji upi ashike. Kesi ile ilikuwa ya dhuluma, lakini inathibitisha kwamba serikali ikitaka kuhifadhi maneno ya jukwaani inaweza, hata kwa kalamu na daftari. Mwaka 1991 waliotakiwa kuandika walikuwa chini ya waliokuwa wakisema.

Mwishoni mwa 2007, baada ya uchaguzi, ghasia zilirudi Kericho. Wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka jamii nyingine walishambuliwa kwenye nyumba zao za kambini. Kesi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) dhidi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang ilitaja Turbo, eneo la Eldoret, Kapsabet na Nandi Hills. Kericho na Bomet hazikuwamo katika mashtaka. Sang alishtakiwa kwa kuchangia kupitia matangazo yake Kass FM. Hapo ndipo umbo lilipohitajika zaidi: mtangazaji alisema nini, kwa sauti gani, baada ya wimbo gani, akimjibu mpigaji simu yupi. Bila kanda kamili, mahakama hubaki na kumbukumbu za mashahidi, na mashahidi wa kesi ile waligeuka mmoja baada ya mwingine. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliifuta kesi. Jaji Eboe-Osuji alitaka itangazwe kuwa mwenendo wake uliharibiwa kwa kuingiliwa kwa mashahidi na kwa siasa. Jaji Herrera Carbuccia alipinga kufutwa kwake. Washtakiwa hawakupatikana na hatia, na hilo lazima lisemwe wazi.

Linganisha na hotuba ya mwanasiasa Léon Mugesera huko Kabaya, Rwanda, Novemba 22, 1992. Ile ilirekodiwa. Alipokimbilia Canada, kanda ikamfuata, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaisoma kama darasa la fasihi linavyosoma shairi: aya kwa aya, ikipima tafsiri ya Kinyarwanda, ikiuliza hadhira ya chama chake ingeelewa nini alipotaja kuwarudisha watu Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Hakutaja kabila katika kila sentensi. Hakuhitaji. Majaji waliridhika kwamba umati ule ulijua mto huo ungebeba nini. Alirudishwa Rwanda 2012 na kuhukumiwa kifungo cha maisha 2016.

Sheria ya Kenya, tena, haikosi nafasi ya usomaji wa aina hii. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hakidai nia peke yake; kinaruhusu mahakama kuzingatia mazingira yote na kuuliza kama chuki ya kikabila ingeweza kuchochewa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Maneno hayo, mazingira yote, ni mlango mpana ambao waendesha mashtaka wetu hupita kwa nadra. Mara nyingi huleta sentensi moja iliyokatwa, na mshtakiwa hujibu, kwa haki, kwamba imekatwa.

Januari 2022, mwanasiasa Mithika Linturi alipotumia Eldoret neno madoadoa, ambalo Bonde la Ufa limetumika kuwataja watu wa jamii nyingine, video ilisambaa na siku iliyofuata akakamatwa, kisha akafikishwa mahakamani Nakuru; naye aliomba radhi. Kufikishwa mahakamani si hatia. Ila neno hilo lilikuwa limebeba historia ya 1992 na 2007 katika Bonde la Ufa, na historia hiyo haionekani kwenye video. Inabidi iletwe kortini na mashahidi waliowahi kulisikia kabla ya nyumba zao kuchomwa.

Ndiyo maana polisi anayetumwa leo kwenye mkutano wa Litein, Sotik au Kapkatet asielekeze kamera jukwaani tu. Arekodi kuanzia wimbo wa kwanza hadi watu watawanyike. Awachukue wanaoitikia, na lugha wanayoitikia. Cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachodaiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kijazwe wiki ileile, na aliyerekodi. Na kwenye orodha ya mashahidi awemo mjuzi wa Kipsigis atakayeieleza mahakama kwa nini umati ulipiga makofi mahali ambapo msemaji alikuwa amenyamaza.