Macho ya Bradha Colm

Bradha Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki, alipofika Iten, Kenya, mwaka 1976 kutoka Ireland, alikuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Ukocha wa riadha hakuwa ameusomea. Alikuwa na macho, na kwangu mimi macho hayo yanaishinda saa yoyote ya kocha.

Vijana wa Iten, huko juu kwenye mita 2,400 hivi, pumzi wanayo tangu utotoni. Yeye akatazama mengine: mkono unavyopita ubavuni, bega lililokazwa bure, unyayo unavyougusa udongo ule mwekundu. Wanafunzi wake huinua magoti, huruka polepole, hurudia hatua ileile mpaka mwili uizoee. Nguvu wanayoijenga ni ya kiwiliwili kinachobaki wima hata miguu ikianza kulalamika. Mgeni aliyetarajia kuona watu wakianguka kwa uchovu angedhani wanacheza tu.

Peter Rono alitoka shuleni hapo, akashinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Wasichana nao hawakuachwa, ingawa shule ni ya wavulana. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, alipita mikononi mwa Bradha Colm.

Halafu David Rudisha, naye mwanafunzi wake. Olimpiki ya London, 2012, aliongoza mita 800 tangu mwanzo hadi utepe, bila wa kumvutia kasi: 1:40.91. Itazame tena mbio ile, hasa mzunguko wa kwanza. Sekunde 49 na ushei, na mabega yametulia kama ya mtu aendaye sokoni.