Mlenda wa unga: ufundi unaotangulia chungu

Anayekula mlenda wa unga kwa ugali wa uwele mwezi wa Oktoba pale Dodoma anakula majani yaliyochumwa miezi sita au saba iliyopita. Mvua za uwanda huu wa kati ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Zikikatika, mboga za porini nazo hunyauka. Ndiyo maana naamini ufundi mkubwa wa chakula hiki hauko jikoni. Uko kwenye kuchuma na kuanika, hatua ambazo mapishi mengi huzipita haraka.

Mlenda mwitu, ambao Wagogo huuita ilende, si mmea mmoja. Mingine ni ndugu wa ufuta, mingine ni jamaa ya juti. Huota wenyewe kwenye udongo wa kichanga katika mashamba ya mtama na uwele, na mwenye jembe anayeujua huuruka makusudi anapopalilia. Huchumwa ncha na majani machanga tu, shina libaki lichipue tena. Mgagani hupenda penye samadi, kandokando ya mazizi; huo ni mchungu, kwa hiyo huchemshwa na maji ya kwanza yakamwagwa. Nisisitize jambo moja hapa: mtu asichume kwenye mashamba ya zabibu au pembezoni mwake, kwa kuwa mizabibu hupigwa dawa za ukungu, na dawa haibagui zabibu na mlenda.

Majani mabichi ya mboga ni maji kwa asilimia 80 hadi 90. Kilo 10 zikikauka sawasawa hubaki kilo moja hadi mbili, na zikitwangwa na kuchekechwa huingia kwenye kibuyu kimoja. Hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika nchi iliyopitia njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Unga wa majani hauhitaji malisho wala ghala.

Mahali pa kuanikia palikuwa paa la tembe, bapa na la udongo, au jabali lililo wazi. Jua hukausha upesi, na upesi huo huzuia ukungu, hasa wakati mawingu bado yanapita. Lakini jua kali la moja kwa moja huharibu karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kama kuna hatua moja ya kurekebishwa, ni hii: majani yatandazwe kwa tabaka jembamba kivulini penye upepo, au yafunikwe kwa kitambaa chepesi. Hewa kavu ya Dodoma itamaliza kazi, mradi yageuzwe mara kwa mara na yaingizwe ndani jioni.

Jikoni mambo ni mepesi. Maji yachemke, unga unyunyizwe kidogo kidogo huku upekecho ukizunguka, la sivyo utafanya madonge. Utelezi unatokana na aina ya wanga iliyomo kwenye jani, ambayo hunyonya maji na kuvimba, nao ndio unaouteremsha ugali mkavu wa uwele kooni. Magadi huongeza utelezi na hulainisha, ila huua vitamini C. Kwa unga sina ugomvi nayo, maana vitamini hiyo ilishapungua sana kwenye kuanika. Kwa majani mabichi ya Januari naona ni hasara; hayo ni machanga, yanaiva bila magadi.

Karanga zilizotwangwa huingia mwishoni, kwa moto mdogo. Watu huzitia kwa ajili ya ladha, na wanapata zaidi ya ladha: karotini huhitaji mafuta ili mwili uipokee, na chunguni humo mafuta ni ya karanga. Upungufu unaobaki ni madini ya chuma, ambayo yakitoka kwenye majani mwili huyapokea kwa shida pasipo vitamini C. Dawa yake inaning'inia juu ya mashamba yaleyale. Ubuyu una vitamini C nyingi. Ukorogwe kwa maji safi ya kunywa, usichemshwe, na kikombe kinywewe pamoja na mlo wenyewe, si saa nyingine.