Silinda ya Pili Inayogoma Mlimani

Corolla 110 ya mjomba haikuwa na tabu kwenye tambarare. Ukilipandisha gari hilo mlima wa Pugu lina abiria wanne, gia ya tatu, linaanza kukohoa: linavuta, linashika, linavuta, linashika. Fundi wa kwanza alifunga plagi mpya zote nne. Mlima ukapandika kwa wiki mbili, kisha kikohozi kikarudi. Wa pili akabadili pampu ya mafuta, gari likaendelea kumisi kama kawaida.

Hizo wiki mbili ndizo zilizonishtua. Kama pampu ingekuwa dhaifu, plagi mpya zisingeiongezea nguvu hata siku moja. Basi tatizo lilikuwa upande wa moto, na kulikuwa na kitu kinachoziharibu plagi zikiwa bado mpya.

Mjomba alitaka tuchomeke mashine ya kompyuta. Nikamwambia, “Mjomba, hii haitatuambia kitu.” Kwenye gari za siku hizi kompyuta huangalia mwendo wa krenki: silinda isipowaka, krenki hupunguza kasi kwa kitambo kidogo mno, na kosa huandikwa pamoja na namba ya silinda. Injini ya mjomba, 5A ya miaka ya 1990 yenye distributa, haihesabu hivyo. Taa ya injini kutowaka si ushahidi wa lolote.

Nikaanza na kipimo cha gereji zote: injini inanguruma pale pale, unachomoa soketi za nozeli moja moja na kusikiliza. Silinda nzima ukiizima, injini inayumba. Mbovu ukiizima, haijali. (Wengi huchomoa waya za plagi. Mimi siipendi njia hiyo: unapigwa shoti, na petroli isiyoungua inaenda kuchoma masega ya kwenye egzosi.) Nilichomoa zote nne, injini ikayumba sawasawa mara zote nne. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema silinda zote ni nzima.

Lakini gari halikuwa linakosa likiwa limesimama. Injini isipokuwa na mzigo, hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo na cheche inaruka mwanya wa plagi kirahisi. Ukikanyaga mafuta mlimani hewa inajaa, mgandamizo unapanda, na mwanya uleule sasa unadai volti nyingi zaidi. Umeme nao ukiona njia nyingine nyepesi, hauumizi kichwa, unapita huko. Swali likawa: njia hiyo iko wapi?

Nikazima injini, nikavuta waya za plagi kuanzia upande wa mkanda. Ya kwanza ilitoka kavu. Ya pili ilitoka inameta oili, mpira wake umevimba na kulainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikazifungua na plagi zote nne. Kwenye kauri nyeupe ya ile ya pili kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, unaoshuka hadi kwenye chuma. Ndani ya mpira wa waya kulikuwa na pacha wake.

Nilipima waya ile kwa mita: kiloomu 9, wakati kikomo ni 25. Kwa mita, nzima kabisa. Mita inasukuma volti chache tu kupitia katikati ya waya. Haina habari na mpira unaovuja pembeni ukibebeshwa volti 10,000 na zaidi. Waya nyingi mbovu nimeziona zikirudishwa kwenye gari kwa sababu mita ilizipitisha.

Wiki mbili nazo zikajieleza. Plagi mpya ilivishwa mpira wenye mstari wa zamani. Umeme ukafuata mstari huo, ukachoma mwingine kwenye kauri mpya, na shimo la plagi lilizidi kujaa oili. Ukibadili plagi ukaacha waya, au waya ukaacha plagi, kile kilichobaki kinamwambukiza mgeni.

Kwa kuwa plagi zilikuwa nje, nilipima kompresheni ili nisije nikailaumu waya kwa kosa la valvu. Silinda zote nne zilisoma kati ya 165 na 170 psi. Kilichobaki ni chanzo cha oili. Chini ya tapeti kava kuna sili za mviringo, moja kwa kila shimo la plagi. Ya silinda ya pili ilikuwa imekauka, ukiikunja inakatika kama biskuti. Tulibadili sili zote nne na gasketi ya kava, tukafuta mashimo mpaka yakakauka, tukafunga seti mpya ya waya na plagi moja.

Jumapili tulipanda Pugu watu watano, gia ya tatu, mjomba akiwa amezima redio asikilize. Pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa, bado imo kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti.