Mikoa 18 ndani ya ArrayList

Mwaka 2025 Burundi iliacha mikoa yake 18 ikabaki na 5, na tarafa 119 zikawa 42, kama sheria ya 2023 ilivyoagiza. Kwa waandishi wa programu wa Bujumbura hiyo ni kazi ya kweli, maana kila fomu inayomtaka mtu achague mkoa imebeba orodha ya zamani. Tuiweke orodha hiyo katika ArrayList ya Java, kwa alfabeti kuanzia Bubanza hadi Ruyigi, kisha tufute kila jina ambalo halimo katika mikoa mipya. Jibu sahihi tunalijua mapema: libaki jina moja tu, Gitega.

Wengi huanza na kitanzi cha namba, i ikipanda moja moja kutoka 0. Bubanza inafutwa kwenye nafasi 0. Lakini ArrayList hupanga vitu vyake katika safu iliyoshikana. Kimoja kikitoka, vyote vya nyuma yake husogea nafasi moja. Bujumbura Mairie inaingia nafasi 0 wakati i imeshakuwa 1, basi haikaguliwi kamwe. Ukiufuata mzunguko kwa kalamu na karatasi utakuta yamebaki majina 9: Bujumbura Mairie, Bururi, Cibitoke, Gitega, Kayanza, Makamba, Muyinga, Ngozi na Rutana. Programu haikulalamika popote, na fomu inamfikia mtumiaji ikiwa na mikoa 8 iliyokwisha kufutwa. Kosa la kimya namna hii ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Ukitumia for-each, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, programu inakatika mara tu baada ya Bubanza na kutoa ConcurrentModificationException. Jina hilo linachukiwa sana, nami nalitetea. ArrayList ina kihesabio, modCount, kinachopanda kila kitu kinapoongezwa au kufutwa. Iterator inayofanya kazi chini ya for-each hukumbuka thamani yake ya mwanzo, na ikiona imebadilika inakataa kuendelea. Ulinzi huo umo katika maktaba ya Collections aliyoibuni Joshua Bloch, iliyotoka na Java 1.2 mwaka 1998.

Hata hivyo una tundu. Ukaguzi hufanyika ndani ya next(), ilhali hasNext() hulinganisha tu nafasi iliyofikiwa na ukubwa wa orodha. Tuseme tunafuta Rutana peke yake, jina la 17. Nafasi iliyofikiwa ni 17, na ukubwa sasa ni 17. Kitanzi kinasimama, Ruyigi haiguswi, wala hakuna onyo.

Dawa ni remove() ya Iterator yenyewe, au, tangu Java 8 ya mwaka 2014, mstari mmoja, ambapo mikoa ni orodha yetu na mipya ni orodha ya mikoa mipya:

mikoa.removeIf(m -> !mipya.contains(m));

Hapa ArrayList hukagua majina yote kwanza, kisha hufunga mapengo kwa mpigo mmoja. Kama orodha ilitengenezwa kwa List.of, ihamishie kwanza katika ArrayList mpya, kwa sababu ile ya awali haikubali kufutwa kitu.

Halafu itazame Gitega iliyobaki. Gitega ya leo imezimeza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Kwa contains, inayolinganisha herufi tu, ni mkoa uleule. Kwa takwimu za 2024 na za 2026 si uleule hata kidogo. Upe kila mkoa msimbo wake na tarehe ya kuanza kutumika, na ulinganishaji ufanyike kwa msimbo.