"Kwangu" ni nyumbani au ni moyoni?

Majuzi nikiwa Lodwar, mama aliyetuuzia chai aliniuliza, "Mwalimu, mmetoka Kenya lini?" Kwa wengi huko kaskazini, "Kenya" ni nchi inayoanzia Kitale kwenda chini. Mwanafunzi wangu, anayeandika tasnifu kuhusu Kakuma, akadakia: "Hayo ni ya kinafsi tu, Prof. Kila mtu na maoni yake."

La hasha! Nikisema asubuhi ya Lodwar ina joto la kuchoma, nasema habari za ngozi yangu. Yule mama alikuwa amevaa sweta. Hakuna aliyekosea, wala hakuna cha kubishania. Huo ni unafsi. (Wanaouita "ubinafsi" wasahau, uchoyo ulishalitwaa neno hilo kitambo.) Lakini nikisema Kakuma iko kaskazini magharibi, nasema kwa kuanzia Lodwar. Aliye Lokichoggio atasema iko kusini mashariki. Kauli zinapishana, zote ni kweli, na ramani inazithibitisha bila kuuliza moyo wa mtu. Huo ni uhusianifu. Hata Einstein, tunayemhusisha sana na neno hili, hakudai kwamba kila mtu ana saa yake ya kujibunia.

Kiswahili chenyewe kinatutega. "Kwangu, Kakuma ni mbali." Kwangu wapi? Kama ni nyumbani, tupime barabara; kutoka Lodwar ni kama kilomita 120. Kama ni moyoni, basi futi kamba iwekwe kando. Wakoloni walipompeleka Kenyatta Lodwar mwaka 1959, walimpeleka mbali, yaani mbali na Nairobi. Kwa Mturkana hapo palikuwa nyumbani.

Sasa turudi kwa tasnifu. Kijana ameandika kwamba iwapo waliozaliwa katika kambi ya Kakuma ni wageni au wenyeji, "ni suala la mtazamo wa mtu." Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, kuna waliozaliwa humo na sasa ni wazazi. "Mgeni" ni neno la uhusiano: mgeni wa nani, kwa kipimo gani? Katiba ya 2010 inafuata uraia wa mzazi, si mahali pa kuzaliwa. Kwa kipimo hicho, binti aliyezaliwa Kakuma na wazazi kutoka Sudan Kusini ni mgeni. Kwa kipimo cha mahali mtu alipojifunzia kutembea, mgeni ni mimi niliyefika Jumatatu. Yote mawili yanathibitika. Jinsi anavyojihisi yeye mwenyewe akiulizwa kwao ni wapi, hilo ndilo la nafsi, na siwezi kumsahihisha.

Ukimwambia binti huyo kwamba hali yake ni "maoni tu," umemfungia mlango. Maoni hayakatiwi rufaa. Kipimo kinaweza kuhojiwa, kikapelekwa hata Bungeni kibadilishwe.

Sura ya tatu nimemrudishia kijana. Aandike upya, na kila penye "mgeni" ataje ni kwa kipimo kipi.