Wasiodanganywa na Rangi

Ukipanda kutoka Ruiru kwenda Gatundu, au kutoka Thika kwenda Gatanga, udongo ni mwekundu hadi kwenye viatu na kuta za nyumba. Ni wa volkano, una kina kirefu, na mgeni huutazama akaamini kila kitu kimo. Mtaalamu wa udongo naye huutazama, kisha huomba jembe. Wekundu ule ni chuma. Na chuma hicho, kikisaidiwa na alumini, huishika fosforasi ya mbolea hata mzizi ukaipita bila kuionja.

Naisifu kazi hii ya kupima udongo kwa shaka yake. Huanza kwa miguu: kukata shamba upande huu na huu, kukwepa kichuguu na mahali ng'ombe hufungwa, kuchota udongo hadi sentimita 30 na kuchanganya kwenye ndoo. Ndoo yenyewe iwe ya plastiki, maana ile ya mabati itachangia zinki yake. Kinachofika maabara ni kama nusu kilo, na hukumu yake itaangukia ekari nzima. Ndiyo maana mtaalamu mzuri humhoji mwenye shamba kabla ya kuziamini chupa zake.

Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ambacho sasa kiko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, hujulikana kwa Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 kustahimili ule ugonjwa wa buni ambao wakulima huuita CBD. Watu wa udongo hawakuacha jina kwenye mche wowote. Mmoja wao, Mwingereza Charles Pereira, alifika baada ya Vita Vikuu vya Pili na swali la jembe: ukilima kati ya mikahawa, mvua huzama au hukimbia? Mwaka 1952 alihamia kituo cha utafiti cha Muguga, na swali likapanda mlima. Likafika hata msitu wa Kimakia, kwenye Aberdare, ambako mianzi ilikatwa ikapandwa misonobari na maji ya kijito yakapimwa. Maji ya huko hushuka kuja Thika.

Lakini kisa nikipendacho ni cha nepia. Kutandaza nyasi hizo chini ya mikahawa kulihifadhi unyevu na kuzuia mmomonyoko, nani angelalamika? Basi majani makuukuu yakaanza kuwa manjano kati ya mishipa. Nepia ina potasiamu nyingi, ikioza huiachia ardhini, nayo mwaka baada ya mwaka huuzuia mmea kufyonza magnesiamu. Dawa ilikuwa imeleta ugonjwa wake, polepole, na bila mtu wa kupima, lawama ingeangukia mvua au wadudu.

Mkulima huja akitaka jina la mbolea. Mara nyingine huambiwa asiongeze ile ya amonia, kwani imezidisha asidi. Anunue chokaa, arudishe samadi, apimiwe tena baadaye. Huondoka amenuna kidogo, na sidhani kuna fani nyingine inayovumilia shukrani chache namna hiyo.