Sikio la Bibi Kizee

Kijana wa Kisukuma aliyewahi kuota moto na bibi yake anamjua Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao. Alipona mwanamke mmoja mjamzito, kajificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, naye alipokua akauliza, mama, wenzetu wako wapi? Akaenda, akaliua zimwi, akalipasua tumbo. Watu hao, ng'ombe hao!

Wahakiki wetu wakifika hapo hufunga daftari. Wanamtaja Carl Jung, aliyefika hata Mlima Elgon mwaka 1925. Wanamtaja Joseph Campbell na kitabu chake cha 1949. Wanatukumbusha Senkatana wa Wasotho na zimwi lake, na Yona ndani ya samaki. Mapadre Healey na Sybertz, katika kitabu chao cha 1996, wakamwona Kristo katika Masala. Hivyo ndivyo vikale, yaani mifano ya kale inayojirudia kila watu wanaposimulia. Haya, vinafanana. Halafu?

Maana kisa hakijaisha. Masala alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni humo. Bibi akawaka, akataka kumroga. Kijana akatafuta dawa, akamtibu.

Kwenye orodha ya vikale bibi huyu hana shida: mweke kwenye fungu la wachawi, pamoja na vizee wa misitu ya Ulaya, uendelee na shujaa wako. Lakini sisi tuko Shinyanga, jamani. Hapa, miaka ya 1990 na 2000, vikongwe waliuawa kwa mapanga kwa kisa cha macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipoadimika. Na upande wa Geita na Kahama watu wenye ualbino walikatwa viungo, hasa 2007 na 2008, eti viungo vyao huvuta dhahabu. Waliokata hawakusoma Jung. Walikuwa wamesikia hadithi tu, wakaiamini.

Ndiyo maana hadithi za machimboni tunazoandikiana zinanitia wasiwasi. Shimo linalomeza vijana, sawa, hiyo ni Shing'weng'we na imekaa vizuri. (Ingawa Shing'weng'we hakuwa na leseni, mgodi unayo, na leseni ina jina la mtu. Tuliandike.) Ila bibi kizee akitokea ukurasa wa tatu, macho mekundu, msomaji keshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Mwandishi hakuwaza kitu hapo, kikale kimemwandikia.

Bibi zetu walikuwa mafundi kuliko sisi. Walimpa kizee hasira, kisha wakampa na sababu: aliyemkata ni mkombozi mwenyewe, na deni ni la kwake. Natamani kusoma hadithi inayoanzia kesho yake, watu wametoka tumboni wanagombea ng'ombe, na Masala yuko porini peke yake, anachimba mizizi ya kutibu sikio.